Baada ya kuzima kinasa sauti
Nilipoanza kuwahoji wapenzi wa jinsia moja jijini Nairobi kwa ajili ya tasnifu yangu, nilitarajia kusikia zaidi kuhusu kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachoharamisha ngono “kinyume cha maumbile” kwa kifungo cha hadi miaka 14, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha Mei 2019. Wengi, hata hivyo, walinisimulia habari za mwenye nyumba, za majirani wa ploti na za mama mzazi. Wanawake wawili walioishi pamoja miaka 9 hujitambulisha kwa majirani kuwa binamu. Mmoja alipolazwa na ndugu zake wakafika kumwuguza, mwenzake aliondoka wodini akaketi nje kama mgeni. Hapo nilizima kinasa sauti (jambo ambalo hakuna somo la mbinu za utafiti lililonifundisha), tukanywa chai kimya.