Nimerudi Ngara, Nimekuta Vita Visivyo Vyetu

Wenzangu tuliokulia Ngara na Pangani za Nairobi, nimerudi. Sina haja ya kuwasimulia habari za barabara ya juu inayoishia Westlands, maghorofa mapya ya Park Road, wala bei ya unga. Niliondoka Thika Road ikiwa bado inachimbwa, kwa hiyo kila kona ina la kunishangaza, lakini hayo yatazoeleka. Lililonikaa kooni ni jingine. India na Pakistan zinapigana mtaani kwetu, na watu wetu wenyewe ndio wanaozipigania.

Mnaikumbuka ile safu ya maduka: duka la viungo la Anko wetu Mgujarati, na ukuta kwa ukuta na yeye fundi cherehani, Mpunjabi Mwislamu tuliyemwita Anko Masta. Kati ya milango miwili palikuwa na benchi la mbao na chupa moja ya chai, leo imepikwa na mke wa huyu, kesho na mke wa yule. Diwali ikifika, Masta alipata sahani yake ya mithai kabla ya ndugu za mwenye duka. Ramadhani, mwenye viungo alikuwa hali mchana mbele ya jirani yake. Alijificha nyuma ya magunia ya dengu. Baba yangu alipopunguzwa kazini, unga na mchele wetu uliandikwa kwenye daftari la Anko na hakuna aliyetumwa kudai. Sare yangu ya kidato cha kwanza Masta aliishona akakataa pesa. Wengi wenu mna hadithi kama hizo.

Nilienda kuwasalimu. Benchi halipo. Kati ya milango pamesimamishwa bati, limepigiliwa misumari mpaka usawa wa kichwa. Anko amezeeka. Alinishika mikono yote miwili, akauliza habari za mama, machozi yakamlenga nilipomwambia tulishamzika. Nikamuuliza, "Na Masta yuko, Anko?"

"Yuko. Mimi siongei na yeye."

Nilikuwa bado nimesimama pale mteja alipotoa noti ya elfu moja. Chenji haikutosha. Anko akampa kijana wake wa kazi ile noti bila kusema neno. Kijana akalizunguka bati, akaingia kwa Masta, akarudi na noti za mia mia. Hakuna aliyesema asante upande wowote. Wazee wawili walioegemea ukuta mmoja tangu ujana wao sasa wanatumiana pesa kupitia kijana wa Kakamega, kwa ajili ya mpaka ambao hakuna kati yao aliyewahi kuuvuka.

Nilipita kwa Masta pia. Nilipouliza pande zote mbili, maelezo yalifanana: ilianza na simu.

Tarehe 22 Aprili 2025 watu wenye bunduki waliua watu 26 huko Pahalgam, Kashmir ya upande wa India, wengi wao watalii Wahindu. Walionusurika walisema wauaji walikuwa wakiuliza dini kabla ya kufyatua risasi. India ikailaumu Pakistan, Pakistan ikakana. Mei 7 India ikarusha makombora na kuiita operesheni yake Sindoor, ile rangi nyekundu ambayo mke wa Kihindu hupaka kwenye njia ya nywele. Pakistan ilipojibu Mei 10 ikachukua jina la operesheni yake kutoka kwa Qurani, Sura As-Saff, panapotajwa wanaopigana safu safu kama jengo lililokazana. Siku hiyohiyo wakakubaliana kusimamisha mapigano. Huko mizinga ikanyamaza. Hapa kwetu ndiyo kwanza vita vikaanza, kwa sababu vita vikishabatizwa jina la dini, anayeuliza swali huonekana anabishana na Mungu.

Mnajua kikundi cha WhatsApp cha mtaa, kile cha kuchangia mazishi na harusi. Dada mmoja tuliyesoma naye alinipa simu yake nijisomee ya miezi hiyo. Nilisoma mpaka macho yakaniuma. Bandari ya Karachi imeteketea: vituo kadhaa vya televisheni vya India vilitangaza hivyo, na bandari ilikuwa ikifanya kazi. Rubani mwanamke wa India amekamatwa na Pakistan: hakukamatwa rubani yeyote wa namna hiyo. Jeti zinalipuka usiku: picha nyingine zilitoka katika gemu ya kompyuta iitwayo Arma 3. Uongo ulipofichuliwa, sikuona hata mmoja aliyerudi kusema alidanganywa.

Na kuna moja sikuiona ikisambazwa na upande wowote. Kati ya wale 26 wa Pahalgam alikuwamo Mwislamu, mwenyeji wa hukohuko aliyekuwa akiwabeba watalii kwa farasi, aliyeuawa akijaribu kuwaokoa wageni wake. Kwa wanaoipigania India inaharibu hadithi yao kwamba kila Mwislamu ni muuaji. Kwa wanaoipigania Pakistan inawalazimisha kukiri kwamba watu wasio na hatia walichinjiwa dini yao. Basi ikaachwa.

Mzee aliyetufundisha kucheza magongo, ambaye nusu yenu mlikimbia mbele ya filimbi yake, aliandikiwa mle kikundini arudi Lahore, Pakistan. Na aliyemwandikia ni mtoto wa rafiki yake. Sasa hebu tuseme ukweli kuhusu Lahore. Reli ya kutoka Mombasa ilipojengwa kati ya 1896 na 1901, waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka India ya Waingereza, wengi wao Wapunjabi, na takriban 2,500 walifia kazini. Wengi walipanda meli Karachi, Wahindu, Waislamu na Masingasinga, na hapakuwa na Pakistan hadi Agosti 1947. Mababu wa watu hawa walikuja Kenya kabla ya mpaka kuchorwa. Wajukuu ndio wanaouchora, kwa misumari, Ngara.

Makhan Singh, yule kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alizaliwa mwaka 1913 Gharjakh, karibu na Gujranwala, mahali ambapo leo ni Pakistan. Alikuja Nairobi akiwa kijana mwaka 1927. Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki mbele ya umma, na mwezi uliofuata Waingereza wakamkamata. Alizuiliwa hadi 1961. Ningependa mashujaa wa kikundi waniambie, kwa hesabu zao, huyu mzalendo wa Kenya alikuwa wa upande gani, na alipaswa kurudi wapi.

Masta aliponilalamikia ubabe wa India, nilimsikiliza. Ana haki ya kusema juu ya msikiti wa Babri, huko Ayodhya India, uliobomolewa na umati wa Wahindu Desemba 6, 1992, na juu ya hekalu lililozinduliwa mahali hapohapo Januari 2024 na Waziri Mkuu mwenyewe akiongoza ibada. Ana haki ya kuitaja RSS, jumuiya ya Wahindu wenye msimamo mkali iliyoanzishwa Nagpur mwaka 1925 ikihubiri kwamba India ni taifa la Wahindu. Lakini nilimkumbusha kwamba Pakistan mwaka 1974 ilibadili katiba ili kuwatangaza Waahmadiyya kuwa si Waislamu, na kwamba tangu 1986 mtu anaweza kuhukumiwa kifo kwa kumtukana Mtume, sheria ambayo imewatupa gerezani Wakristo na Waislamu wenyewe kwa fitina za majirani. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo hawatutumii." Namwamini. Na Anko naye hatumiwi ya Babri.

Nilifika ile Septemba 2025 ya Kombe la Asia la kriketi. Mliona wenyewe: tarehe 14, Dubai, wachezaji wa India walikataa kupeana mikono na Wapakistani. Tarehe 28 wakashinda fainali, wakakataa kupokea kombe kwa mkono wa Mohsin Naqvi, mkuu wa kriketi ya Asia ambaye pia ni waziri wa mambo ya ndani wa Pakistan. Usiku ule fataki zililia Parklands na Ngara, na asubuhi kwenye shata la Masta palikuwa na maneno ya rangi nyekundu ambayo siyarudii hapa. Kijana wa kazi wa Anko ndiye aliyeyasugua kwa petroli, bila kuagizwa na mtu.

Mimi nilikumbuka Oktoba 4, 1996, hapohapo uwanja wa kriketi wa Gymkhana, tukiwa tumepanda mti nje ya ukuta kwa sababu hatukuwa na pesa ya tiketi. Shahid Afridi wa Pakistan aliwapiga Sri Lanka mikimbio 100 kwa mipira 37, rekodi ya dunia iliyodumu hadi 2014. Gongo alilolitumia lilikuwa la Sachin Tendulkar. Tendulkar alikuwa amempa Waqar Younis, mchezaji mwenzake Afridi, akamtengenezee jingine mfano wake huko Sialkot, Pakistan, Waqar akamwazima kijana Afridi. Gongo la Mhindi, mikono ya Mpakistani, uwanja wa Nairobi. Anko na Masta walifunga maduka wakaenda pamoja. Wakati ule mitaa yetu ilijua kushangilia mchezo na kurudi kazini.

Msidhani naogopa kivuli. Nimeishi Leicester nikitunza wazee, baadhi yao wale waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, wanaokuomba maji kwa Kiswahili. Agosti 28, 2022 India na Pakistan zilicheza Dubai, na kabla Septemba haijaisha nilikuwa naenda zamu ya usiku nikipita katikati ya polisi walioletwa kutoka miji mingine. Vijana waliofunika nyuso waliandamana mitaani. Intaneti ilidai msichana Mwislamu amenusurika kutekwa na Wahindu; polisi walichunguza, wakasema halikutokea. Jumbe nyingi zilizochochea zilitoka katika akaunti zilizokuwa India, mbali kabisa na mawe yanayorushwa. Wazee wangu wa pande zote mbili waliogopa kwenda kununua maziwa. Nilijifariji kwamba Nairobi watu wamekaa pamoja vya kutosha wasifike huko.

Kwa wewe unayefunga mizigo kurudi, sikiliza. Usiombe kuingizwa kwenye kikundi cha mtaa kabla hujawaona watu kwa macho. Utamchukia mtu uliyemkosa kwa miaka mingi kabla hujamsalimia. Ukitumiwa video ya vita, uliza ilipigwa lini na nani, na usimhurumie anayekasirika kwa kuulizwa. Zawadi nunua mbili za bei moja, maana zitalinganishwa. Na usiende Ngara kutembea siku ya mechi. Inaniuma kuyaandika haya.

Niliwaandikia kikundini nikataka ujumbe wa India na Pakistan upigwe marufuku, pabaki misiba, harusi na maji yakikatika. Mwenye kusimamia kikundi akanijibu kwa upole: ndugu, hayo ni ya Wahindi kwa Wahindi, wewe yasikusumbue.

Yananisumbua, na nitasema kwa nini. Mpwa wangu wa Kayole, Mkristo, hajawahi kuvuka Namanga, ana simu iliyojaa jeti za India kwa sababu ameambiwa zinapigana na maadui wa Kristo. Rafiki yake wa Eastleigh anazo za Pakistan na takbiri chini yake. Aliponionyesha moja iliyomfurahisha sana, ndege ikianguka baharini, niliivuta picha karibu. Pembeni chini palikuwa na hesabu ya risasi zilizobaki. Nikamwambia, hii ni gemu. Akasema, "Anko, hata kama," akaituma.

Sisi na Watanzania tumetukanana mitandaoni miaka nenda miaka rudi: Kiswahili chetu kibovu, mlima ni wa nani, nani mwoga. Kelele tupu, na kesho yake tunanunua vitunguu vyao. Sikuwahi kusikia mtu akileta msikiti au kanisa katika ugomvi ule. Juzi nimemkuta mpwa wangu akijibizana na kijana wa Dar. Nikasoma juu ya bega lake nikitarajia Kilimanjaro. Alikuwa ameanza kwa kumuuliza, "Kwanza wewe ni dini gani?"

Nilimuuliza amejifunza wapi kuanza na swali hilo. Akanifungulia kurasa anazofuata. Ni zilezile za jeti.