Kibanja cha Mayo

Nilizaliwa kambi ya polisi Nsambya, hapa Kampala. Baba konstebo wa kutoka Arua, mama Muganda wa Mukono, basi nyumbani tukaongea Kiswahili, kwa sababu hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake. Leo nina kichumba cha kuchapa na kuskani hapo hapo Nsambya, na ndicho kilichoniingiza katika mambo ya Ireland.

Aliyeniletea kazi ni Sista mmoja mzee, Mwairishi aliyestaafu uuguzi. Kiswahili alikiokota miaka aliyofanya kazi Kenya, na bado anakizungumza kwa kujidai. Watu wa mtaa wetu hatuwashangai masista wa Ireland. Mama Kevina, sista mzaliwa wa Arklow huko Ireland, alifika hapa Nsambya mwaka 1903, na mpaka leo wazee wanamtaja kama jirani. Huyu wangu alikuja na karatasi moja tu. Juu yake: Patrick Walsh, jimbo la Mayo, na jina la kijiji alilolisikia kwa bibi yake. Akaniambia, “Mwanangu, nitafutie baba wa babu yangu kabla sijamfuata.”

Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe sensa za zamani za Ireland zimeteketea karibu zote. Za 1821 hadi 1851 ziliungua mwaka 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipua jengo la kumbukumbu Dublin. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe iliziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nzima ya kwanza ni ya 1901. Kwa hiyo karne ya kumi na tisa watu hushikilia daftari la kodi, Tathmini ya Griffith, lililochapishwa jimbo baada ya jimbo kati ya 1847 na 1864. Richard Griffith na watu wake walipita kila shamba na kila nyumba, wakikadiria kila kipande kinastahili thamani gani kwa mwaka, ili wenye ardhi na wapangaji watozwe fedha za kuwatunza maskini. Hakuna aliyefikiria vitukuu. Daftari liko kwenye intaneti, bure.

Nikaandika Patrick Walsh, Mayo. Zikashuka safu za Patrick Walsh mpaka nikazima kompyuta.

Kosa langu lilikuwa kutafuta mtu. Mama yangu, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, ndiye aliyenifungua macho. Ana kibanja Mukono, yaani kipande anachokalia kwenye mailo, ardhi yenye hati ya mtu mwingine, na risiti za busuulu, kodi anayomlipa mwenye ardhi, amezihifadhi kwenye kopo la biskuti tangu enzi za babu. Nilipomwonyesha ukurasa akauliza mara moja, “Mwenye mailo ni nani, na mwenye kibanja ni nani?” Na kweli, safu ziko mbili: anayekaa kwenye ardhi, na yule anayempangisha moja kwa moja. Mimi nilikuwa nikizisoma kama orodha moja, nikamhesabu bwana shamba kuwa mkulima. Halafu akauliza kijiji. Kwetu hakuna anayekutambua kwa jina peke yake. Unaulizwa kwenu ni wapi.

Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, na vingi vinafanana majina. Makarani waliyaandika kwa masikio ya Kiingereza: Knock ni kilima, Bally mara nyingi ni mji wa mtu, Kil yaweza kuwa kanisa au msitu, inategemea. Sista alilitamka jina la kijiji chao mara tatu, kila mara tofauti, nami nikaandika vyote vitatu. Cha pili ndicho kilichomo kwenye sensa ya 1901, na humo nikamkuta babu yake, Thomas, na mke na watoto.

Kitongoji kikishapatikana, wale Patrick mamia wakabaki wawili. Mmoja ameandikwa Patrick Walsh (Michael), yaani Patrick wa Michael. Mwingine ameongezewa neno la wekundu, nadhani kwa nywele zake. Wiki nzima nilimfuata mwekundu kwa sababu shamba lake lilikuwa kubwa. Aibu yangu.

Kilichotuokoa ni madaftari ya marekebisho. Baada ya Griffith, ofisi ya tathmini iliendelea kufuatilia mabadiliko: jina la zamani linakatwa, jipya linaandikwa juu kwa wino wa rangi nyingine, na mwaka unawekwa pembeni kwa rangi hiyo hiyo. Ya Ireland Kaskazini yako mtandaoni, lakini ya Mayo yako Dublin, kwa hiyo mpwa wa Sista akaenda kupiga picha. Patrick wa Michael amekatwa, juu yake Bridget, ambaye lazima ni mjane, kisha Bridget amekatwa na Thomas amekaa. Mwisho kabisa jina la bwana shamba nalo limepigwa mstari, na muhuri wa herufi tatu, LAP, unaonyesha ardhi imenunuliwa na mpangaji kwa mkopo wa serikali. Mama alipoelezwa muhuri ule alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Wao walipewa mkopo.”

Niseme na upungufu wake, maana Sista alitarajia makubwa. Daftari la Griffith linamtaja mkuu wa nyumba tu. Bridget alikuwepo siku zote, lakini alipata kuandikwa alipofiwa. Watoto hawamo. Na ile thamani si kodi ya pango ambayo Patrick alimlipa bwana shamba, ni makadirio. Nyumba yake waliipa shilingi 10, nusu pauni ya wakati ule, kwa mwaka.

Lakini kuna namba. Kila shamba lina namba, na nyumba ina herufi ndogo pembeni yake, na vyote vimechorwa kwenye ramani. Nilikwenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, kuichapisha kwa karatasi kubwa, maana mashine yangu haifiki huko, nikampelekea Sista Jumapili baada ya misa.

Hakutazama majina. Aliweka kidole kwenye kile kisanduku kidogo cheusi cha nyumba, akakisogeza polepole kufuata mstari wa njia.

“Bibi alisema kisima kilikuwa nyuma, ukishuka kushoto.”

Nikamwazima kioo changu cha kukuzia. Kisima kilikuwepo, kimeandikwa kwa herufi ndogo mno, nyuma, ukishuka kushoto.