Chausiku na Chenji Yake

Usiku huu nimekesha na nyusi. Mhusika wangu mpya, Chausiku, anauza machungwa ya Muheza, na kazi yake kwenye mchezo wa tableti wa kufundisha watoto hesabu ni kukosea chenji. Mteja ametoa 1,000, kachukua machungwa matatu, kila moja 200, Chausiku anarudisha 300. Mtoto anayecheza ndiye wa kumsahihisha. Nikimkunja nyusi moja anaonekana tapeli. Nikipandisha zote mbili, kama kaona jini. Ninayemtaka ni binti anayehesabu kweli kweli, ila hesabu imemponyoka. (Mwenzangu kapendekeza arudishe 500. Thubutu! Watoto wa Tanga watapokea wanyamaze.)

Ofisini wangependa mwalimu mwenye miwani na majibu yote. Mimi sikubali. Pale Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walimtengeneza Betty, mhusika asiyejua kitu mpaka mwanafunzi amfundishe. Utafiti ukaonyesha watoto wanajituma zaidi kusoma kwa ajili ya mhusika wa namna hiyo kuliko kwa ajili yao wenyewe. Sishangai. Mpwa wangu pale Ngamiani daftari lake haligusi, lakini mdogo wake akikosea kusoma, anamkalia kooni.

Na mkoa huu wa Tanga tunajua tableti bila mwalimu ikoje. Mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutengeneza programu za tableti zinazomwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, yalifanyiwa majaribio hapa, takriban vijiji 170, kwa Kiswahili, hadi washindi wawili, Kitkit School na onebillion, walipotangazwa mwaka 2019. Mtoto yuko peke yake na kioo. Akikwama, hana wa kumtazama usoni ila huyo aliyechorwa.

Ila uso wenyewe hautoshi. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani aliyechunguza mambo haya miaka mingi, anasema picha ya mhusika kukaa tu kwenye skrini haisaidii sana; kinachosaidia ni sauti ya binadamu na mikono inayoonyesha jambo. Basi vivuli na mikunjo ya kanga nimevifuta, hela iende kwenye sauti. Tumempata binti wa Chumbageni. Akisema “Aa, kumbe!” unaamini kabisa kwamba ndiyo kwanza ameelewa.

Kilichobaki ni ubishi wa muda: Chausiku asubiri sekunde ngapi kabla ya kumkumbusha mtoto? Mwenzangu anataka tatu, mimi nane. Mtoto wa darasa la pili anahesabu kwa vidole. Kwa sekunde tatu hata mkono mmoja hajaumaliza.