Nilivyowafundisha watoto wadogo matumbawe kwa kuanza na polipu

Wengi tunapotaka kumwonyesha mtoto matumbawe huanza na samaki wa rangi. Nami nilianza hivyo, nikaona mtoto wa miaka minne anatoka akijua samaki tu, huku tumbawe likibaki jiwe machoni pake. Nikageuza mpangilio: kwanza mnyama anayejenga tumbawe, majirani zake baadaye.

Mnyama huyo anaitwa polipu, naye ni wa ukoo mmoja na konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha. Mwili wake ni kifuko chenye kinywa kimoja, cha kulia na cha kutolea taka, kilichozungukwa na minyiri, yaani mikono myembamba ya kunasia chakula. Aina nyingi hazizidi milimita chache. Namwambia mtoto afumbe ngumi: huo ni mchana. Nikizima taa anafungua vidole na kuvichezesha, kwa sababu polipu wengi huwinda usiku. Napitisha kipande cha uzi; vidole vinakinasa na kukivuta hadi katikati ya kiganja, kwenye kinywa. Mchezo huu huchukua dakika tano, na hakuna picha iliyowahi kunifanyia kazi hiyo vizuri zaidi.

Kisha tunafinyanga. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, na maji yasiyozidi kikombe kimoja, yakiongezwa kidogo kidogo. Kila mtoto anaviringa madonge 10 ya ukubwa wa gololi, anatoboa kila moja kwa ncha ya penseli, halafu anayabandika yote juu ya jiwe moja. Maji yakizidi matundu yanaziba, ongeza unga. Donge likianikwa juani hupasuka, kwa hiyo liache kivulini siku mbili tatu. Hapo mtoto anaona kwa mikono yake kwamba tumbawe moja ni kundi la wanyama walioshikana juu ya mifupa ya chokaa waliyoijenga wenyewe. Kwa wakubwa kidogo natoa rula: tumbawe la mviringo huongezeka nusu sentimita hadi sentimita 2 kwa mwaka. Lenye kimo cha mita moja huenda lilianza kabla bibi yake hajazaliwa.

Rangi naieleza kwa chupa inayoonyesha ndani. Weka kipande cha chaki nyeupe, ujaze maji yenye rangi ya kahawia. Maji hayo ni mwani mdogo sana anayeishi ndani ya mwili wa polipu na kumpa sehemu kubwa ya chakula chake. Bahari ikipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, mwani huyo hutolewa: mwaga maji, chaki nyeupe inabaki wazi. Sema pia kwamba tumbawe lililopauka bado halijafa, na maji yakipoa mapema linaweza kupona. Ukiliruka hilo, watoto wengine wanabaki na huzuni isiyo na mlango.

Ndipo tunakwenda baharini, wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na kuacha vidimbwi. Fika saa moja kabla ya maji kufikia chini kabisa, na uondoke mara yanapoanza kurudi. Mtu mzima mmoja kwa watoto wawili, si zaidi. Viatu viwe vya soli ngumu vilivyofunika vidole, na shati la mikono mirefu badala ya kupaka mafuta ya jua mwili mzima, maana baadhi yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Miguu inakanyaga mchanga au mwamba mtupu tu.

Mrija wa kupumulia siwapi walio chini ya miaka sita. Mrija wa mtu mzima ni mpana mno kwa mapafu madogo: mtoto huvuta tena hewa aliyoitoa. Natumia ndoo ya lita 10 iliyokatwa kitako, ukiacha ukingo wa sentimita 2 pande zote. Bandika plastiki ngumu inayoangaza kwa gundi ya silikoni, na uiache ikauke siku nzima. Ibandike upande wa nje, ili maji yaikandamize kwenye ukingo. Ukiibandika ndani, maji yataisukuma ing'oke. Ndoo iingie majini ikiwa imeinama, la sivyo mapovu yanakwama chini yake na mtoto haoni kitu.

Chagua kidimbwi kimoja kisichozidi upana wa sinia. Kaeni upande ambao kivuli chenu hakiangukii majini, mikono magotini, dakika tano. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, ganda la konokono linaanza kutembea kwa miguu ya kaa. Ya nne, kiti cha pweza, mnyama mwenye umbo la nyota, kinasogeza mkono mmoja, na kupitia ndoo mtoto anaona vijimirija vyake vikishika na kuachia mwamba. Tafuteni pia mikwaruzo myeupe miwili miwili kwenye mwamba: hapo samaki aitwaye pono ameuma. Pono husaga chokaa na kuitoa ikiwa mchanga, habari ambayo watoto hawaisahau kamwe.

Hatunyanyui wanyama. Jongoo bahari akitishwa anaweza kutapika matumbo yake, na jiwe lililopinduliwa lisiporudishwa, wanaoishi chini yake hufa kwa jua. Makombe yenye umbo la pia hayaguswi hata kidogo. Baadhi ya konokono wanaoishi ndani yake wana sumu inayoweza kuua mtu. Mtoto akichomwa na mnyama wa miiba mirefu myeusi, toa miiba inayoonekana, loweka mguu kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45, na mtu mzima ayajaribu kwanza, kisha mpeleke kwa daktari kama kipande kimebaki ndani.

Jioni kila mtoto anachora mnyama mmoja tu. Bamvua hurudi baada ya wiki mbili hivi; tunabeba michoro na kwenda kwenye kidimbwi kilekile, kutazama nani bado yupo.