Usiku mmoja Paranal, nikisaka gesi isiyoonekana

Saa nane mchana. Naamka Residencia, bweni la wanaastronomia lililozamishwa ardhini kwenye kituo cha darubini cha Paranal, katika jangwa la Atacama, Chile. Dar es Salaam ni saa tatu usiku, nampigia mama kabla hajalala. "Shikamoo mama." "Marahaba. Ndiyo kwanza unaamka?" Anajua jibu, ila haachi kuuliza.

Saa kumi. Napanga shabaha za usiku, zote kwasari: mashimo meusi makubwa ya galaksi za mbali, ambayo gesi inayoyaangukia hung'aa kupita kiasi. Kwasari zenyewe hazinishughulishi, kwangu ni taa tu. Nataka gesi inayozizunguka galaksi zilizo njiani, kati yetu na taa. Humo mna akiba ya nyota zijazo, na humo hutupwa masalia ya nyota zilizolipuka. Ni hafifu mno, hata kwa darubini yenye kioo cha upana wa mita 8.2. Lakini mwanga wa kwasari ukiipenya, kila elementi hunyofoa rangi zake.

Saa kumi na mbili jua linazama, mapazia yanashushwa ili mwanga wa ndani usivuje nje.

Saa mbili usiku, upepo wa kaskazini ni mita 13 kwa sekunde. Ukizidi 12 hatuelekezi darubini unakotoka. Ukifika 18 tunafunga. Basi shabaha yangu ya kwanza imeniponyoka, naanza na ya kusini. Tunatumia Kueyen, darubini ya pili kati ya nne, yenye UVES, spektrografu yake, yaani kifaa cha kuutawanya mwanga kwa rangi zake. Tunakusanya mwanga kwa saa moja moja. Tukizidisha, miale ya kosmiki, chembe za kasi kutoka anga za mbali, inajaza picha madoa.

Saa sita. Hapa ndipo usingizi unakimbia. Magnesiamu iliyopoteza elektroni moja hufyonza mwanga kwenye mistari miwili, nanomita 279.6 na 280.3. Naikuta kwenye 559.3 na 560.7. Mawimbi yamevutika mara mbili kwa kutanuka kwa ulimwengu, maana yake mwanga ulipita kwenye gesi ile karibu miaka bilioni 8 iliyopita. John Bahcall na Lyman Spitzer walipendekeza mwaka 1969 kwamba mistari mingi ya namna hii hutoka kwenye gesi iliyotanda mbali kuzunguka galaksi. Wengine wapende picha za galaksi zenye mikono ya buluu. Mimi nipe grafu yenye mapengo.

Kila mstari umegawanyika vipandevipande: mawingu kadhaa, kila moja na kasi yake. Taabu ni kwamba wingu linalotujia laweza kuwa limetupwa nje upande wa mbele wa galaksi, au linaiangukia kutoka nyuma. Uzi mmoja wa mwanga hauamui. Lazima tujue galaksi iko wapi na imelala vipi, nayo imemezwa na mng'ao wa kwasari. Kazi hiyo inaihitaji MUSE, spektrografu inayochambua mwanga wa kila nukta ya picha, kwenye darubini ya nne.

Saa kumi na mbili asubuhi kunapambazuka. Tunapiga picha ya mwanga wa taa ya thoriamu na agoni ya kusahihishia vipimo. Kwenye daftari la usiku naandika: shabaha ya kaskazini haikupigwa, upepo, ianze hiyo kesho ukitulia.