Maziwa yalikataa kuganda ndio nikajua oganiki ni nini

Mimi hugandisha mala, yaani maziwa ya mgando, kwangu Kasarani kila wiki, nachemsha maziwa lita mbili, yakishapoa yakawa vuguvugu natia vijiko vitatu vya mala ya juzi, nafunika sufuria na shuka nalala. Asubuhi inakatika na kijiko. Sasa kuna wiki nilifunua nikapata maji tu, nikarudia na maziwa ya muuzaji yuleyule, ikawa vilevile. Na huyu alikuwa ananiuzia ghali akisema ni oganiki juu yametoka shambani moja kwa moja!

Nikampigia anti yangu anayefuga Limuru. Swali lake la kwanza: "Huyo ng'ombe amedungwa sindano majuzi?" Kuuliza muuzaji, kweli, kiwele kilikuwa kimevimba akatibiwa antibayotiki na wakaendelea kukamua wakiuza. Ile dawa inaua hata vijidudu vinavyogandisha mala, na kuchemsha hakuitoi, ndio maana baada ya sindano maziwa yanamwagwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

Jumamosi nikaenda kwake kujionea. Ng'ombe watatu, majani yao ya kula nepia na desmodiamu yamepandwa kwa samadi bila fatalaiza, hanyunyizi dawa. Nikamwambia anti si basi haya yako ni oganiki, akakataa kabisa, akanionyesha gunia la chakula cha dukani: "Haya mahindi yalilimwa na nini? Sijui, kwa hivyo siwezi kusema." Hapo ndio iliniingia. Oganiki, yaani bila fatalaiza wala dawa za kiwandani, inaanzia kwa kile ng'ombe anakula na shamba kilipotoka, hata kama maziwa yatapitia kiwandani yachemshwe bado ni oganiki. Huku kwetu kuna kanuni za Afrika Mashariki tangu 2007 na alama yake ni Kilimohai. Marekani ng'ombe wa oganiki lazima ale nyasi nje malishoni angalau siku 120 kwa mwaka, na akipewa antibayotiki maziwa yake hayauzwi tena kama oganiki. Lakini asiachwe ateseke, anatibiwa tu.

Kitu kingine anti alisisitiza ni kuvu. Chakula cha ng'ombe kikiota ukungu, sumu yake inayoitwa aflatoksini inaingia kwa maziwa na moto wa jikoni hauitoi, hata chakula kiwe cha oganiki kikihifadhiwa penye unyevu ni shida ileile. Magunia yake yamepangwa juu ya mbao, mbali na ukuta.

Nimehamia muuzaji mwingine. Hajidai ni oganiki, lakini nikimuuliza ng'ombe anakula nini na lini alitibiwa mwisho, ananijibu papo hapo, na mala inaganda.