Asubuhi Moja Mbele ya Mabamba ya Xi'an

Katika safari yangu ya Uchina, siku za mji wa Luoyang nazipita. Kilichonishika ni asubuhi moja Xi'an, kwenye makumbusho ya Beilin, ambako mawe ya maandishi yamekusanywa tangu 1087. Viti ni vya kutafuta, watu wanasukumana, na vioo vinarudisha mwanga machoni.

Bamba la Kibuddha la karne ya 6 lisomwe kuanzia juu. Kileleni majoka yamesokotana. Chini yao kuna kidaka, kama vile vya nyumba za mawe za Lamu, na ndani yake Buddha ameketi, mabodhisatva, yaani watakatifu wa dini hiyo, wakiwa wamesimama kulia na kushoto kwake. Kisha chetezo kati ya simba wawili. Mwishoni safu za wachangiaji, kila mtu na jina lake ubavuni: wanakijiji waliochangishana kumlipa mchongaji, wakawaombea thawabu wazazi wao waliofariki na viumbe vyote. Tochi imulike kutoka pembeni, maana ikielekezwa usoni majina yanapotea.

Hapo Beilin huonyeshwa pia jinsi ya kuchukua nakala. Karatasi nyembamba hulowanishwa, ikalazwa juu ya jiwe, ikagongwagongwa kwa brashi hadi izame kwenye herufi. Husubiriwa ikauke nusu. Ndipo kibunda cha pamba kilichofungwa kitambaa kinaguswa wino kidogo, kinapigwa taratibu, tabaka hafifu juu ya tabaka. Karatasi ikiwa bado mbichi, wino unapenya hadi kwenye jiwe na herufi zinafumba. Ikikauka mno, inabanduka kazi ikiwa katikati. Mawe mengi yamekuwa meusi tii kwa wino wa miaka na miaka, na inauma kuyaona hivyo.

Nje ya geti niliuziwa nakala kwa bei ya kukomoa. Kosa langu ni kutoigeuza kwanza. Nakala ya kweli, mgongoni, kidole kinahisi mabonde ya herufi. Yangu ilikuwa bapa, kazi ya mashine.

Usiku nikakumbuka kibla cha msikiti wa Kizimkazi, na maandishi yake ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati za Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jiwe lake ni matumbawe, ambayo huchongwa yangali mabichi kutoka baharini, halafu yanakuwa magumu. Lakini yana vitundu vingi, nayo yangeunywa wino wote. Kwa maandishi yale, kamera na tochi ya pembeni zinatosha. Karatasi mbichi isiyaguse kabisa.